Mishale Kabla ya Msitu

Ukiuliza vijana wa hapa kampini kuwinda ni nini, wengi watakuambia ni kukimbiza mnyama. Wameona kwenye filamu: mtu anavuta upinde, mshale unaruka, mnyama anaanguka, basi, imeisha. Lakini wazee waliotoka karibu na misitu ya Kahuzi, Itombwe na Nyungwe hawaanzi hapo. Ukiwaomba wakusimulie safari moja ya kuwinda, wanaanza na siku mbili au tatu kabla ya kutoka nyumbani. Mtu amekaa juani, podo liko miguuni, anatoa mishale mmoja mmoja na kuikagua. Huu umepinda. Huu manyoya yake yameliwa na wadudu. Huu kigumba chake kinacheza. Wakati mwingine kati ya mishale kumi inayofaa ni mitatu, na safari inasogezwa mbele.

Mimi naona historia yetu nyingi imefichwa ndani ya hizo siku mbili tatu. Shuleni tulifundishwa wafalme, vita na mipaka. Ni sawa, lazima tuvijue. Lakini kuna historia ya vitu vidogo vya mkononi, na hiyo haina mwalimu. Ndiyo maana nimeandika insha hii juu ya mshale: jinsi unavyoharibika, jinsi ulivyotengenezwa tena, na jinsi eneo hili la Rusizi na ng'ambo ya ziwa lilivyofika mahali ambapo hakuna tena mtu wa kuutengeneza.

Tuanze na kitu chenyewe. Mshale unaonekana kama fimbo, kumbe ni vitu vinne au vitano vilivyounganishwa. Kuna wano, yaani mti wake. Kuna kigumba mbele, cha chuma au cha mti mgumu uliochongwa. Kuna manyoya nyuma. Kuna mkato mdogo kwenye kitako, pale unapokaa upote, yaani kamba ya upinde. Na kuna nyuzi na gundi zinazoshika vyote pamoja. Kila kiungo ni mahali pa kuharibika.

Wano ndilo linaloanza kusumbua. Mti unakatwa mbichi, unakauka, na ukikauka unajipinda. Hata ukishanyooshwa, unyevu wa msituni unaurudisha. Nyungwe ni msitu wa mvua wa milimani, kuanzia kama mita 1,600 hadi mlima Bigugu wenye mita 2,950. Ukiingia humo asubuhi nguo zinalowa hata kama mvua hainyeshi. Mshale nao unalowa. Dawa yake ni moto na mikono. Unapasha wano joto juu ya makaa, unalipinda kinyume, unalishika mpaka lipoe. Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, bado wanafanya hivyo mpaka leo, na meno yao ndiyo koleo: wanauma wano na kulinyoosha kidogo kidogo. Kisha mtu anafunga jicho moja na kuangalia toka kitako mpaka ncha, kama fundi anavyoangalia ubao.

Kuna jambo lingine ambalo mimi nilidhani ni imani tu, baadaye nikasoma kwamba ni fizikia. Wazee wanasema mshale wa mtu mmoja haupendi upinde wa mtu mwingine. Kweli kabisa. Upote ukiusukuma mshale, wano halitoki limenyooka. Linapinda kama nyoka, linazunguka mti wa upinde, halafu linajinyoosha likiwa tayari hewani. Kamera za kasi za karne ya 20 zilionyesha hivyo waziwazi. Wano likiwa laini sana kwa upinde ule, mshale unaenda pembeni. Likiwa gumu sana, unaenda pembeni upande wa pili. Kwa hiyo mwindaji hakuweza kuazima mishale ya jirani asubuhi ya safari, akaondoka. Alipaswa kujua nguvu ya upinde wake na kuchagua wano linalolingana nayo, bila mizani, bila kipimo, kwa vidole tu.

Manyoya nayo yana kesi yake. Yakilowa yanalala, yakilala mshale unayumba. Uzi wa mshipa wa mnyama unaoyafunga unalegea kwenye unyevu na kukaza kwenye ukavu. Huko Ituri, Waefe na jirani zao Wambuti walipata njia nyingine kwa mishale yao ya sumu ya kuwindia nyani: badala ya unyoya wanaweka kipande cha jani nyuma ya mshale. Mtu wa nje anaweza kucheka, akasema hawa hawana hata manyoya. Lakini fikiria kidogo. Ukiwa msituni siku tatu, unyoya ukiharibika utaupata wapi? Jani liko kila hatua. Walichagua kifaa ambacho matengenezo yake yako njiani. Kwa duiker, yule swala mdogo wa msituni, walitumia mshale mwingine, wa kigumba cha chuma. Yaani kabla ya kutoka mtu alishaamua anatafuta nini, na podo lilipangwa hivyo.

Chuma hakikuwa rahisi kupata. Wahadzabe leo wanagonga misumari ya kawaida mpaka iwe vigumba. Huko Kenya, Wawaata, ambao wengi waliwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji wa tembo karibu na mto Galana, na pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Walikuwa na desturi ya kutia alama kwenye vigumba, kila mtu alama yake, ili mnyama akipatikana amekufa mbali ijulikane ni mshale wa nani. Kwa hiyo kigumba kilikuwa pia kama saini. Kukipoteza kulikuwa hasara ya mali, na pia hasara ya jina.

Halafu kuna sumu. Sitaeleza inavyotengenezwa, kwa sababu siyo mchezo, na gazeti hili linasomwa na watoto. Nitasema historia yake tu. Sumu nyingi za mishale za Afrika Mashariki zinatoka kwenye mimea ya jamii mbili ambazo wataalamu wanaziita Acokanthera na Strophanthus, na zote zinapiga moyo. Mshale wenye sumu ulifungwa kamba nyembamba ya ngozi kwenye ncha mpaka dakika ya mwisho. Ngozi ilizuia jua na mvua visiiharibu sumu, na ilizuia mwenyewe asijichome. Ngozi ikifunguka njiani, safari imeharibika. Wakati wa safari ya David Livingstone kwenye mto Zambezi, miaka ya 1858 hadi 1864, daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alibeba sumu ya aina hiyo kwenye mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Wanasayansi wa Ulaya walifuata jambo hilo, na katika karne ya 19 wakapata dawa za moyo kutoka kwenye mimea hii. Mojawapo inaitwa ouabain, jina lililotokana na neno la Kisomali, waabaayo. Yaani dawa iliyowekwa kwenye chupa za hospitali za Ulaya ilijulikana kwanza na watu waliokaa juani wakikagua mishale.

Na ukongwe wa elimu hii ni mkubwa. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wachimbaji walipata vipande vidogo vya mawe vya miaka kama 64,000, na wanaona kwamba vilikuwa vigumba vya mishale, vimeshikizwa kwa gundi. Kama ni hivyo, basi shida ya kigumba kinachocheza ni ya zamani kuliko kilimo, kuliko ng'ombe, kuliko chuma.

Sasa tuje hapa tulipo. Rusizi, na Nyamasheke ya jirani, zamani ziliitwa Kinyaga. Kwa Kinyarwanda upinde ni umuheto. Lakini katika Rwanda ya karne ya 19 neno hilo lilibeba kitu kikubwa zaidi. Jeshi liliitwa kwa jina la upinde, na mkuu wa jeshi aliitwa umutware w'umuheto. Mtafiti Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Kinyaga, anaeleza jinsi umuheto ulivyokuwa pia uhusiano wa ulinzi: ukoo ulitoa ng'ombe au kitu cha thamani kwa mkuu, na mkuu akawalinda. Fikiria hapo. Kitu kilichoanza kama mti na kamba kikawa jina la jeshi, kikawa jina la kodi, kikawa jina la utawala.

Ziwa Kivu wakati huo halikuwa ukuta. Watembo wa magharibi mwa ziwa walisuka bangili za nyuzi zinazoitwa ubutega, na bangili hizo zilivuka kuja Rwanda na kutumika karibu kama pesa. Mfalme Rwabugiri naye alivuka na majeshi yake. Aliteka kisiwa cha Ijwi, na akafariki mwaka 1895 akiwa kwenye safari ya vita upande wa Bushi. Mwaka uliofuata, 1896, askari wa Dola Huru ya Kongo walifika Shangi, siyo mbali na hapa, wakiwa na bunduki. Jeshi la Rwanda lilikwenda na mikuki na mishale, likashindwa. Hakuna unyooshaji wa wano unaoweza kusaidia mbele ya bunduki. Tangu hapo upinde ulianza kuwa kitu cha jana, kitu cha watu wa msituni tu.

Na watu wa msituni waliendelea nao. Upande wa Rwanda walikuwepo Impunyu, Watwa waliokuwa wakiishi kwa msitu. Leo serikali inatumia maneno "abasigajwe inyuma n'amateka", yaani walioachwa nyuma na historia. Upande wa Kongo walikuwepo Watwa wa Kahuzi. Msitu ndio ulikuwa duka lao la vipuri. Wano likivunjika, mti uko pale. Upote ukikatika, mshipa au nyuzi za gome ziko pale. Mzee mmoja wa Kalehe aliniambia kwa maneno yetu ya nyumbani: "Mutoto wangu, musitu ilikuwa atelie yetu. Banafunga atelie, halafu banakuuliza kwa nini hautumike."

Atelie ilifungwa kwa hatua. Nyungwe ilifanywa hifadhi ya msitu mwaka 1933, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka kama 6,000. Familia za Watwa zilitolewa humo bila fidia. Kesi yao ilichukua miaka mingi mpaka mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, unaosema kwamba nchi ya Kongo ilivunja haki zao.

Sitaki kusema kwamba ulinzi wa misitu ni mbaya. Itakuwa uongo. Nyati wa Nyungwe waliisha miaka ya 1970. Tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999, karibu na kinamasi cha Kamiranzovu. Watoto wa hapa hawatamwona tembo Nyungwe, na hiyo nayo ni hasara ya historia. Msitu huo unatupa maji na mvua, sisi na wenyeji wetu pia. Anayeingia leo kuwinda anavunja sheria, na sheria ina sababu.

Lakini angalia kilichotokea baada ya mshale kupotea. Uwindaji haukuisha. Kinachotumika sana sasa ni waya. Walinzi wa hifadhi wanatoa mitego ya waya msituni kila mwaka. Mtego wa waya hauhitaji kunyoosha wala kukagua kitu. Hauchagui jike lenye mimba wala mnyama mdogo; unakamata chochote kinachopita, hata sokwe anapoteza mkono. Mtu wa mshale alipaswa kumwona mnyama kwa macho, kumkaribia, na kuamua. Kama upinde wake ulikuwa na kasoro, alibaki nyumbani. Kwa maoni yangu, ule usumbufu wa mishale ulikuwa ni breki. Ulipunguza kasi ya mkono wa mtu. Siwezi kusema wawindaji wa zamani walikuwa malaika, Wawaata waliuza pembe za tembo kwa wafanyabiashara. Ninachosema ni kwamba tulitupa breki, tukabaki na waya.

Wawaata wenyewe wanatufundisha kitu. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi waliyowindia. Mwaka 1956 na 1957 David Sheldrick na wenzake waliendesha msako mkubwa, na wanaume wengi wakafungwa. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ikajaribu mpango wa Galana, ili hao hao wawindaji wafanye kazi kihalali na ujuzi wao utumike. Mpango haukudumu. Ujuzi ulihitajika baada ya wenye ujuzi kushafungwa.

Kuna kisa kingine, cha mbali, ambacho mkimbizi yeyote atakielewa. Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville huko California, Marekani, alitokea mtu mmoja amechoka, ana njaa. Alikuwa wa mwisho wa watu wa Yahi, ambao walowezi walikuwa wamewaua karibu wote. Hakutaja jina lake. Wakamwita Ishi, neno linalomaanisha "mtu" kwa lugha ya kwao. Alipewa makazi kwenye jumba la makumbusho San Francisco, na huko akaendelea kutengeneza mishale. Daktari wake, Saxton Pope, alikaa naye, akajifunza kuchonga, kunyoosha kwa moto, kufunga manyoya. Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu juu ya kuwinda kwa upinde, na mwaka 1925 akaja na mwenzake Arthur Young mpaka Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Leo chama kikubwa cha wawindaji wa upinde Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1961, kina majina ya hao wawili. Jina la Ishi halimo.

Nakiweka kisa hiki hapa kwa sababu ya jambo ninaloliona kazini. Mimi ni animateri wa vijana, na mara nyingi nawasindikiza wazee wakati wa kujaza fomu. Kuna sehemu ya ujuzi. Orodha ina kilimo, ufugaji, ushonaji, useremala, biashara. Yule mzee wa Kalehe, ambaye alijifunza kwa baba yake kuchagua mti, kuunyoosha, kufunga manyoya na kupima upinde kwa vidole, aliandikiwa neno moja: hana. Hakubisha. Aliniambia tu kwamba ni kweli, hapa hana.

Najua mishale haiwezi kuingia kampini. Ni silaha, na sisi watu wa Kivu tunajua vizuri kilichotokea miaka ya 1990 kampi zilipojaa silaha. Sheria hiyo naiunga mkono. Lakini kati ya kuruhusu silaha na kuandika "hana" kuna nafasi kubwa. Mtu anayejua kunyoosha mti kwa moto anaweza kutengeneza mipini ya majembe, fimbo za kutembelea, viti. Anayejua mti gani unapinda bila kuvunjika anaweza kuwafundisha vijana wa useremala kitu ambacho hakiko kwenye kitabu chao. Anayejua kila mmea kwa jina lake anaweza kukaa na watu wa miche ya kupanda. Na hata kama haitatoka kazi yoyote, kuna watoto wa Watwa hapa wanaochekwa na wenzao kwamba babu zao walikuwa wanazurura tu msituni kama wanyama. Mtoto kama huyo akisikia kwamba babu yake alijua mambo ambayo ilibidi kamera za kasi zije kuyathibitisha, atarudi kwa wenzake na jibu.

Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Wa kwetu unaweza kupotea, kwa sababu umeenda mahali ambapo msitu haupo, na wanaoukumbuka wamebaki wachache na wamezeeka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wafanyakazi wa mashirika: kwenye ile sehemu ya ujuzi, kabla ya kuandika "hana", muulizeni mzee alifanya nini na mikono yake alipokuwa na miaka ishirini, na muandike jibu lake kama alivyolisema. Kwa vijana wenzangu: Jumamosi tunakaa nje ya shitingi la vijana na daftari. Tunachora mshale, sehemu kwa sehemu, na tunaandika jina la kila sehemu kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kishi, Kitembo na Kifuliiru, kila mtu kwa lugha ya nyumbani kwao. Mpaka sasa tuna majina ya upinde kwa lugha zote tano. Jina la ule mkato wa kitako tunalo kwa mbili tu. Ukiwa na bibi au babu anayelijua, njoo naye, tutamletea kiti.